Sura ya Saba: Sindano Yenye Macho

Barabara ya RN1 inapotoka Bujumbura, Burundi, huanza kupanda karibu mara moja. Nyuma linabaki Ziwa Tanganyika, lililo karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mbele iko Bugarama, kwenye baridi ya milima inayozidi mita 2,000. Vijana wa baiskeli huishuka njia hiyo wamesheheni ndizi na magunia ya makaa, mgongo umekunjwa juu ya usukani na mguu tayari kusaidia breki. Chini bandarini, wachukuzi hupandisha mabegani mifuko ya saruji ya kilo 50. Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa gereji, fundi hulala chali chini ya gari huku mikono yake ikifanya kazi juu ya uso wake kwa muda mrefu. Katika masoko ya Ruvumera na Siyoni, akina mama huinama, huinuka, hubeba, hutua, kisha huanza upya.

Katika mji kama huu mwili ndio mtaji. Bega likigoma, gereji imefungwa. Goti likivimba, baiskeli imelala. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.71 duniani wanaishi na matatizo ya mifupa, viungo na misuli, na maumivu ya kiuno peke yake yaliwapata watu milioni 619 mwaka 2020. Nyuma ya tarakimu hizo kuna swali la nyumbani kabisa: kesho tutakula nini?

Kwa hiyo mtu hutafuta nafuu ya haraka. Huanza na dawa za kuchua, huenda kwa mzee anayeunga mifupa, hununua vidonge vya diclofenac, na mwisho huomba sindano. Afrika Mashariki nzima sindano ina heshima yake. Mgonjwa aliyetoka zahanati bila kuchomwa mara nyingi huona hajatibiwa. Ndiyo maana sura hii inaanza na sindano yenyewe, kabla ya kufika kwenye mashine inayoiongoza.

Sindano kipofu

Mashariki mwa Uganda, wilayani Kumi, madaktari wa mifupa walikutana na watoto wengi waliokuwa wakichechemea bila ya kuvunjika popote. Wengine nyayo zao zilikuwa zimelegea, hazinyanyuki. Wengine hawakuweza kuchuchumaa wala kukaa wamefunga magoti pamoja, kwa kuwa misuli ya makalio ilikuwa imegeuka kovu gumu. Walipofuatilia historia zao, njia nyingi zilirudi mahali pamoja: sindano za makalioni, nyingi zikiwa za kwinini dhidi ya malaria.

Ndani ya kalio hupita neva ya siatiki, neva nene kuliko zote mwilini, inayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni. Sindano ikipigwa mahali pasipo sahihi, ncha yake huichoma neva hiyo, au dawa iliyomo humwagika juu yake na kuiunguza. Wakati mwingine aliyechoma hakukosa nia njema wala dawa sahihi. Alikosa kujua ncha imefika wapi. Mtoto alipelekwa kutibiwa homa, akarudi na mguu usiosikia.

Watoto wa Kumi wanatufundisha jambo ambalo watu wazima wanaotafuta nafuu ya goti au bega wanapaswa kulishika. Sindano ni chuma kinachoingia gizani. Kati ya ngozi na mfupa kuna mishipa ya damu, neva, kano na vifuko vya ute, vimepangwa kwa umbali wa milimita chache. Tiba ninayoieleza hapa, sindano inayoongozwa na picha, ilizaliwa kutokana na hamu ya kuliondoa giza hilo. Na faida yake kubwa kwa mji kama Bujumbura, kama nitakavyoonyesha, ni kwamba kuona vizuri kutatuepusha na sindano nyingi tusizozihitaji.

Sauti inayochora

Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Baadaye ikathibitika kwamba na kinyume chake ni kweli: ukizipitishia umeme, hutetema. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Paul Langevin alitumia mtetemo huo kutafuta nyambizi chini ya bahari. Mwaka 1958, mjini Glasgow, daktari wa akina mama Ian Donald na wenzake walichapisha picha za matumbo ya wagonjwa zilizopatikana kwa mawimbi ya sauti. Mwaka huohuo Karl Dussik alichapisha vipimo vya jinsi sauti inavyopita katika tishu za viungo. Ilipofika mwaka 1972, watafiti waliweza kutumia sauti kutofautisha uvimbe wa majimaji nyuma ya goti na damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, magonjwa mawili yanayofanana kwa macho lakini tiba zake ni tofauti kabisa.

Bujumbura chombo hiki cha kuchora kwa sauti kinaitwa ekografi, na mama aliyekwenda kliniki ya wajawazito anakifahamu. Kanuni yake ni ileile anayoijua mtu aliyewahi kupiga ukelele bondeni na kusikia mlima ukimjibu: jibu likichelewa, mlima uko mbali. Probu inayowekwa juu ya ngozi hutuma sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii, kisha husikiliza mwangwi unaorudi kutoka kila tabaka. Kompyuta hupima kila mwangwi umechukua muda gani na una nguvu kiasi gani, halafu huchora. Kwa viungo vilivyo karibu na ngozi hutumika sauti ya mamilioni mengi ya mitetemo kwa sekunde, kwa kawaida kati ya milioni 5 na zaidi ya milioni 15. Kadiri mitetemo inavyoongezeka, picha huwa kali zaidi, ila sauti haifiki mbali.

Hakuna mionzi kama ya eksirei. Picha inatembea: daktari humwambia mgonjwa anyanyue mkono, naye huona kano ikiteleza chini ya mfupa papo hapo. Anaweza kulinganisha bega linalouma na lile zima. Akiwasha rangi za dopla, huona damu ikikimbilia penye uvimbe.

Kuna kisichoonekana pia. Sauti haipenyi mfupa, kwa hiyo kilicho ndani ya mfupa au katikati ya uti wa mgongo hubaki kivulini. Na kuna mtego unaomnasa kila mwanafunzi: kano yenye afya hung'aa pale tu mwale unapoipiga wima. Probu ikiinama kidogo, kano hiyohiyo hugeuka nyeusi na kufanana na iliyochanika. Asiyejua atampa mgonjwa ugonjwa ambao hana. Mashine peke yake, bila jicho lililofundishwa, inaweza kupotosha kwa picha nzuri kabisa.

Ndani ya bega la fundi

Tumchukue fundi wa gereji, mtu wa miaka arobaini na kitu, ambaye kwa miezi kadhaa hawezi kunyanyua mkono bila kukunja uso. Usiku halalii upande wa kulia. Ameshachuliwa, ameshameza vidonge, tumbo limeanza kumuunguza.

Daktari mzuri hagusi mashine kwanza. Anauliza kazi anayofanya, anauliza homa, kupungua uzito, kikohozi, kisukari, dawa anazotumia. Anamtazama akivua shati, maana namna mtu anavyovua shati humweleza daktari mengi kuhusu bega. Anajaribu kuusogeza mkono mwenyewe. Ikiwa mkono hausogei hata daktari akiusukuma, huenda bega limeganda. Ikiwa daktari anausogeza vizuri lakini fundi mwenyewe hawezi kuunyanyua, huenda kano imechanika.

Ndipo fundi anakaa kwenye kiti, anaweka kiganja nyuma ya kiuno kana kwamba anatoa pochi mfuko wa nyuma. Mkao huo unaivuta kano ya juu ya bega itokeze mbele ya mfupa. Jeli ya baridi, kisha probu. Kwenye kioo tabaka zinajipanga: ngozi, mafuta, msuli mnene wa bega, kisha mstari mwembamba mweusi usiofika milimita mbili, ambao ni kifuko cha ute kinachorahisisha msuguano. Chini yake iko kano, nyuzi zake zimelala sambamba zikimeta. Na chini kabisa mfupa, mstari mweupe mkali usiopenyeka. Kwa fundi wetu kano ni nzima, lakini kifuko kimevimba, ule mstari mweusi umekuwa dimbwi.

Wakikubaliana kuchoma, daktari anaosha mikono, anavaa glavu safi, anasafisha ngozi kwa dawa na kuisubiri ikauke, na kuvisha probu kifuniko kisicho na vijidudu. Sindano nyembamba inaingia pembeni mwa probu, sambamba na mwale wake, ili urefu wake wote uonekane kama mstari mweupe unaosogea. Daktari hatazami mkono wake, anatazama kioo. Ncha inavuka msuli, inafika ukingoni mwa dimbwi. Tone la dawa ya ganzi linatangulia. Kama kifuko kinafunguka na kujaa weusi wa majimaji, ncha iko mahali pake. Kama dawa inagoma na kano inatutumka, ncha iko ndani ya kano, na lazima irudishwe nyuma kabla ya steroidi kutoka, kwani steroidi ikimwagwa ndani ya kano huidhoofisha hata ikakatika. Hapo tu ndipo dawa yenyewe inasukumwa, kwa kawaida miligramu 40 za triamcinolone au methylprednisolone. Kazi nzima ni ya dakika chache. Hakuna kisu, hakuna mshono, na fundi anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Baada ya dakika kumi daktari anamwomba anyanyue mkono tena. Ganzi ikiwa imeyaondoa maumivu, hilo nalo ni jibu: chanzo kilikuwa pale. Ikiwa hakuna kilichobadilika, msako unaanza upya mahali pengine, pengine shingoni.

Nafuu na muda wake

Steroidi zilianza kutumika kwa viungo mwishoni mwa miaka ya 1940. Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliwapa kotizoni wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa hawawezi kutembea, na baadhi yao wakainuka kitandani. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata Joseph Hollander alichapisha matokeo ya kuchoma haidrokotizoni moja kwa moja ndani ya kiungo. Dunia ilidhani imepata jibu la maumivu yote.

Miaka zaidi ya sabini baadaye tunajua vizuri zaidi. Steroidi huzima uvimbe, na uvimbe ukizimika maumivu hupungua kwa wiki kadhaa, mara nyingine miezi michache. Haishoni kano iliyochanika, hairudishi gegedu iliyosagika. Na inaweza kudhuru. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa wagonjwa 140 wenye magoti yaliyosagika, ambao kwa miaka miwili walichomwa kila baada ya miezi mitatu, wengine triamcinolone, wengine maji ya chumvi tu. Gegedu ya waliopata dawa ilipungua milimita 0.21, ya waliopata maji ya chumvi milimita 0.10, na maumivu hayakutofautiana. Mwaka 2013 jarida hilohilo lilionyesha yaliyowapata wagonjwa 165 wenye maumivu ya upande wa nje wa kiwiko: mwaka mmoja baadaye, kati ya waliochomwa steroidi asilimia 54 walirudiwa na maumivu, ilhali kati ya waliochomwa dawa bandia waliorudiwa walikuwa asilimia 12.

Vipi kuhusu damu ya mgonjwa mwenyewe, inayozungushwa kwenye mashine ikabaki sehemu yenye chembe sahani nyingi, kisha ikachomwa gotini? Tiba hiyo inatangazwa sana na inauzwa ghali. Watafiti wa Australia waliipima kwa watu 288 na kuchapisha matokeo mwaka 2021: baada ya miezi 12 haikuishinda sindano ya maji ya chumvi, si kwa maumivu wala kwa gegedu.

Hata ekografi yenyewe imepimwa. Kwamba inafikisha ncha mahali palipokusudiwa kwa uhakika zaidi kuliko kukisia kwa vidole, hilo linajulikana. Lakini tathmini ya Cochrane ya mwaka 2021 kuhusu sindano za bega ilikuta kwamba waliochomwa kwa kuongozwa na picha hawakupata nafuu kubwa kuliko waliochomwa bila picha. Msomaji anaweza kukata tamaa hapo. Mimi naona matokeo hayo yanatueleza mahali hasa ilipo thamani ya mashine. Majaribio hayo yalilinganisha namna mbili za kuchoma kwa watu waliokwisha kuamuliwa wachomwe. Hayakumpima yule ambaye picha ilionyesha kano yake imekatika kabisa, akapelekwa kwa daktari wa upasuaji badala ya kuchomwa. Wala yule ambaye picha ilionyesha hana uvimbe wowote, akarudishwa kwenye mazoezi. Faida yao ilipatikana kabla ya sindano.

Mgongo usihongwe

Ukikaa kwenye benchi la wagonjwa, wengi watakuambia wanaumwa mgongo. Na hapa ndipo biashara ya sindano ina mvuto mkubwa kuliko ushahidi. Februari 2025 jopo la kimataifa lilichapisha mwongozo katika jarida la BMJ kuhusu maumivu ya mgongo yaliyodumu miezi mitatu au zaidi na yasiyotokana na saratani. Lilipendekeza kwa nguvu kutotumia sindano za steroidi kwenye uti wa mgongo, sindano za viungo vidogo vya mgongo, wala kuunguza neva kwa mawimbi ya redio. Vyama vya madaktari wanaofanya tiba hizo vilipinga, na mjadala unaendelea. Lakini mtu ambaye atauza mbuzi ili apate fedha za sindano ya mgongo ana haki ya kuambiwa kwamba mjadala huo upo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, linapendekeza elimu, mazoezi yaliyopangwa, baadhi ya tiba za mikono na dawa za kupunguza uvimbe zisizo steroidi. Halipendekezi mikanda ya kiuno wala kuvuta mgongo, mambo yanayouzwa kila kona. Mchukuzi wa bandarini anahitaji kufundishwa namna ya kubeba, kuimarishwa misuli ya tumbo na mgongo, na mwajiri anayekubali mfuko wa saruji ubebwe na watu wawili au upakiwe kwenye toroli. Hayo nayo ni matibabu, ingawa hayana sindano wala kioo.

Mgongo una onyo jingine. Kifua kikuu kinapenda uti wa mgongo, na katika nchi zetu hakijaondoka. Maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, yakiambatana na homa, jasho na kukonda, au miguu inayolegea, ni ya kupimwa upesi. Kumchoma steroidi mtu mwenye maambukizi ni kuwapa vijidudu nafasi.

Pale sindano inapostahili

Kuna mahali tiba hii inang'aa, na ni haki kupataja bila kusitasita.

Mama anayenyonyesha ananyanyua mtoto mara nyingi kwa siku, kisha anakamua nguo kwa mikono. Upande wa dole gumba, kwenye kifundo cha mkono, kano mbili hupita ndani ya ala moja nyembamba. Ala ikivimba, kila kugeuza mkono ni kisu. Sindano moja ndani ya ala mara nyingi huleta nafuu ya kweli. Lakini kwa watu wengine ala hiyo ina ukuta ndani, imegawanyika vyumba viwili, na dawa ikiingia chumba kimoja ugonjwa hubaki katika kingine. Vidole vya daktari haviwezi kuuhisi ukuta huo. Ekografi inauona.

Mshonaji au seremala mwenye vidole vinavyokufa ganzi usiku, kwa kuwa neva imebanwa kwenye njia yake kifundoni, anaweza kuanza na kifaa cha kushikilia mkono anapolala. Sindano ya steroidi nayo ina ushahidi mzuri wa nafuu ya muda mfupi. Bega lililoganda, likichomwa mapema na kufuatwa na mazoezi, hufunguka kwa maumivu machache zaidi. Nyonga iko kilindini, na mbele yake zimepita neva kubwa na mshipa mkuu wa damu wa paja. Hapo kuchoma kwa kukisia hakukubaliki.

Mahali pa juu kuliko pote, hata hivyo, ni kwenye chumba cha dharura. Kijana wa baiskeli au wa pikipiki akivunjika fupaja, kila kutikiswa kwa machela ni kilio. Pajani juu, neva ya mbele ya paja imelala kando ya ateri, upande wa nje. Kwenye kioo ateri inadunda, na neva iko pembeni yake. Daktari au mtaalamu wa nusukaputi huzungusha dawa ya ganzi kuizunguka neva hiyo, na katika kipindi kisichozidi nusu saa kijana anaweza kupigwa eksirei, kunyooshwa mguu, kusubiri upasuaji bila mateso, huku akiwa macho na anapumua mwenyewe. Ganzi hudumu kwa saa kadhaa, bila ya dozi kubwa za mofini, dawa ambayo hospitali nyingi za kwetu huipata kwa shida. Mwaka 2015, machafuko yalipoupiga mji, Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo cha majeruhi kilichoitwa L'Arche mtaani Kigobe. Leo ajali za barabarani zinaendelea kuleta mifupa iliyovunjika katika hospitali za Prince Régent Charles na Kamenge. Kama ningeulizwa probu ya kwanza iwekwe wapi, ningesema hapo.

Maswali ya mgonjwa

Mgonjwa haulizwi uji, lakini sindano lazima aulizwe, na yeye aulize.

Aulize dawa gani inaingia. Kama ni steroidi na anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye ritonavir, aseme wazi kabla ya kuchomwa. Ritonavir huzuia ini kuivunja triamcinolone, steroidi hujikusanya mwilini, na mtu huweza kuvimba uso na kuugua vibaya kwa wiki nyingi kutokana na sindano moja. Kama ana kisukari, ajue sukari itapanda kwa siku kadhaa. Kama ngozi yake ni nyeusi, na ya wengi wetu ni nyeusi, aambiwe kwamba dawa ikimwagika karibu na ngozi inaweza kuacha doa jeupe linalodumu kwa miezi.

Aulize kichupa kinatoka wapi na kimefunguliwa lini. Mwaka 2012 nchini Marekani, steroidi zilizotengenezwa katika famasi moja chafu ya kuchanganya dawa huko Massachusetts ziliwaambukiza kuvu watu zaidi ya 750, na zaidi ya 60 walifariki. Wagonjwa hao walikuwa wamekwenda kutafuta nafuu ya mgongo na viungo, kliniki na hospitalini, katika nchi tajiri.

Aulize amechomwa mara ngapi. Madaktari wengi hawavuki sindano tatu au nne kwa kiungo kimoja kwa mwaka, na penye busara huishia chini ya hapo. Na aulize swali lililo muhimu kuliko yote: baada ya sindano nifanye nini? Kama jibu ni "rudi ikiuma tena", atafute daktari mwingine. Zile wiki chache za nafuu ndizo za kuimarisha misuli, kufungua kiungo na kubadili namna ya kufanya kazi. Zikipita bure, fundi atarudi palepale, na kano yake imechoka zaidi.

Bujumbura ianzie wapi

Zipo leo probu ndogo zinazoshikwa kiganjani na kuunganishwa na simu, zikitumia betri. Bei yake ni dola elfu chache, ilhali mashine kubwa hugharimu makumi ya maelfu. Umeme ukikatika kazi haisimami. Kwa hiyo kikwazo kikubwa kinabaki kuwa uhaba wa watu waliofundishwa.

Kenya imetuonyesha njia mojawapo. Mradi wa UWEZO uliwafundisha wakufunzi wa hapohapo, nao wakawafundisha wahudumu wa afya jinsi ya kumchunguza mtu anayeumwa viungo: kuuliza, kutazama, kugusa, kusogeza. Mwanzo ulikuwa mikono na macho, vitu ambavyo kila zahanati inavyo. Chuo Kikuu cha Burundi kinafundisha madaktari wake Bujumbura, na hospitali ya Kamenge, ambayo wengi bado wanaiita Roi Khaled, ndiyo darasa lao. Wapo wataalamu wa kine, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, wanaowashika wagonjwa wa viungo kila siku kwa muda mrefu kuliko daktari yeyote. Hao ndio wanaopaswa kukabidhiwa probu mapema, waione kano wanayoinyoosha, wajifunze kutofautisha iliyovimba na iliyokatika, na wajue ni nani wa kupelekwa mbele.

Ningependekeza mpangilio huu, na ningeutetea mbele ya waziri yeyote. Kwanza, uchunguzi wa mikono ufundishwe vizuri kwa kila mhudumu. Pili, ekografi ya kutambua ugonjwa. Tatu, ganzi ya neva kwa waliovunjika, inayoongozwa na picha, katika kila hospitali inayopokea majeruhi, pamoja na dawa ya kuokoa maisha iwapo ganzi itaingia kwenye damu kwa bahati mbaya. Nne, na mwisho, sindano za steroidi kwa magonjwa machache yanayostahili, zikifuatwa na mazoezi yaliyoandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa kama dawa inavyoandikwa. Kliniki zikianza na hiyo ya nne kwa sababu ndiyo inayolipa, tutakuwa tumenunua kioo cha gharama ili kuendeleza mazoea yaleyale ya kuchoma kila anayeumwa.

Mtu anayeishi kwa nguvu za mwili wake anastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kosa dogo kwenye bega lake hula chakula cha watoto wake. Tiba isiyo na kisu imeufanya uchunguzi huo uwe wa bei nafuu na wa haraka. Tuichukue kwa mpangilio wake: tuone kwanza, tuchome panapobidi, na kila aliyechomwa atoke na mpango wa kurudi kazini.